Kilima Upande wa Kushoto

Kwanza ulisikika mlio. Du, du, du, du, mzito, wa chini kwa chini, kama mtu anayetwanga sombe, majani ya muhogo, katika kinu kikubwa kuliko nyumba. Vikombe vya chai vikaanza kutembea juu ya meza. Mbuzi wakaondoka wenyewe kwenye lami bila kufukuzwa. Samy, shefu na msimamizi wa lami, akakishika kikombe chake kwa mikono miwili, akasema Libérata amefika themanini kwa saa. Ndipo pikapu yake ilipochomoza kwenye ncha ya msitu, nyeupe kwa jina tu, imejaa unga wa muhogo na madumu ya mafuta ya mawese, ikapita mbele ya watu ikitetemeka hata namba yake haikusomeka.

Lami hiyo ina urefu wa kilomita mbili. Imenyooka kama mstari wa daftari katikati ya msitu wa Walikale. Kabla yake ni matope, na baada yake ni matope. Ndege ndogo hutua juu yake kuchukua mawe yanayochimbwa Omate, na kati ya ndege na ndege magari huruhusiwa kupita. Dereva akifika hapo baada ya kuogelea mashimoni tangu alfajiri, hukanyaga mafuta kwa moyo wote, maana hakuna mahali pengine pa kukanyagia. Samy alikaa ukingoni kwenye kiti cha plastiki, na filimbi na muhuri. Filimbi ilikuwa ya mbuzi, muhuri ulikuwa wa watu.

Asubuhi hiyo ya Alhamisi alimpigia Libérata filimbi ya mbuzi. Akamwambia, bila hasira, kwamba ni wiki tatu sasa pikapu yake inatikisa lami, na lami ni hiyo hiyo moja. Akampa hadi Jumamosi saa tatu. Alete karatasi ya fundi inayosema mtetemo unatoka wapi, la sivyo gari lake lisionekane tena hapo.

Libérata akasema amesikia. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, pikapu ilikuwa na thelathini na mmoja, kwa hiyo aliiita mdogo wake na kuigombeza kama mdogo wa mtu anavyogombezwa. Siku hiyo hakuigombeza. Alikuwa na jambo lingine lililomkaa kooni, nalo lilikuwa maharage ya mama yake.

Mama yake, Byukusenge, alikuwa juu ya kilima cha Kabase, huko Masisi, mwendo wa siku mbili kwa gari msimu ukiwa na huruma. Miaka miwili iliyopita patron mmoja, tajiri mwenye ng'ombe, alitoka mjini na karatasi inayosema kilima ni chake. Karatasi ilikuwa na mihuri mitatu. Familia ya Byukusenge ilikuwa na makaburi manne ya mababu juu ya kilima hicho, lakini ofisini hawakuhesabu makaburi, walihesabu mihuri. Wakulima wa Kabase wakaambiwa watoke kabla ya Jumapili, wakatoka. Byukusenge alisema anamaliza kwanza kupika. Watu wa patron walikuwa wamelelewa vizuri, hawakuweza kumwondoa mwanamke kwenye jiko lake, wakakaa kumngoja. Chungu hakijashuka mekoni tangu siku ile. Mwishowe walizungusha waya kilima kizima, na yeye ndani, wakaweka mlango wa chuma, kufuli, na mlinzi.

Mlinzi aliitwa Trésor. Alikuwa mtu wa adabu. Libérata alikwenda mlangoni mara tatu, na mara zote tatu Trésor alimletea kigoda, akamuuliza habari za safari, na hakufungua.

Sasa Jumatatu hiyo Byukusenge alikuwa amepiga simu, kwa simu ya Trésor mwenyewe. Maharage yamekauka kwenye fito, alisema, yale ya madoa mekundu ya bibi yako, yanayopanda juu hadi yachungulie paa. Lakini patron ameagiza ng'ombe wake waingizwe shambani Jumatatu ijayo. Mbegu hiyo haiko soko lolote. Ikiliwa na ng'ombe wale, imekwisha duniani. Libérata alijibu kwamba atafanya kitu, akakata simu, akabaki ameitazama, kwa kuwa hakujua kitu gani.

Basi alikwenda kwa fundi, maana hilo angalau alilijua.

Fundi Nshimiyimana alikuwa na kibanda chake mwisho wa lami, chini ya bati lililoandikwa kwa rangi: GARI HAINA SIRI. Alikuwa ameliandika mwenyewe na aliliamini kuliko watu wengi wanavyoamini Imani yao ya Jumapili. Husikiliza gari kama daktari asikilizavyo kifua, na hakubali kuambiwa ugonjwa na mwenye gari. Alimuuliza Libérata maswali akiwa amefumba macho. Kwa sitini? Hakuna kitu. Sabini? Hakuna. Sabini na tano? Mtekenyo kidogo. Themanini? Meno yanagongana. Ukipunguza? Unakatika mara moja, kama mgeni aliyeambiwa chakula kimekwisha.

"Iko nakukamata wapi?" akauliza. "Mu mikono ao mu matako?"

Swali hilo lilikuwa la kitaalamu. Gari likitetemesha usukani, ubaya uko mbele. Likitetemesha kiti, ubaya uko nyuma.

"Ku bega ya kushoto," Libérata akasema.

"Bega haiko kipande ya gari, dada."

"Bega njo inatetemeka sasa."

Nshimiyimana alifungua macho. Akalala chini ya pikapu hadi alasiri. Alizungusha kila gurudumu likiwa hewani, akingoja lisimame lenyewe ili aone upande gani mzito unaorudi chini, na hakuna upande uliorudi. Alihamisha ya mbele nyuma na ya nyuma mbele. Wakaenda kwenye lami, wakafika themanini, mtetemo haukuhama hata kidole kimoja. Akaifungua kardani, bomba refu linalopeleka nguvu nyuma, akaigeuza nusu mzunguko, akaifunga tena. Du, du, du. Akamwambia Libérata afike themanini na tano kisha aachilie gia, gari liteleze lenyewe, ili injini ijitetee. Injini ilijitetea vizuri. Ilinyamaza kabisa na mtetemo ukaendelea.

Alipofika hapo Nshimiyimana alivua kofia. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa hajakutana na gari linalomdanganya, na ilionekana wazi kwamba hata hili halikuwa likidanganya. Akajaza maji katika bakuli la bati, akaliweka mbele, karibu na kioo, akasema waende tena.

Walipofika themanini, maji yalianza kufanya duara. Nshimiyimana aliyainamia kwa muda. Mtetemo unaotoka chini ya gari ungefanya duara kutoka katikati. Haya yalikuwa yakianzia ukingoni, upande wa kushoto, moja baada ya jingine, kama mawimbi yanayokuja ufukweni Bweremana. Akafuata kwa macho yalikotoka. Akapita usukani, akapita bega la Libérata, akatoka dirishani.

Kilima kilikuwa kinakimbia kando ya gari.

Kilikuwa kilima cha kadiri, kijani, chenye mistari ya mikaratusi begani na njia nyekundu ya miguu tumboni. Kilikimbia kama mama mnene aliyechelewa misa, kikijiinua nguo, na kila kilipokanyaga, lami ilisema du. Waya ulikuwa umekizunguka kama mkanda, na nguzo zake zilirukaruka. Mlinzi mmoja alikuwa ameshika mlango wa chuma kwa mkono mmoja na kofia yake kwa mkono wa pili.

"Kile kilima iko na wewe?" Nshimiyimana akauliza.

Libérata alitazama mara moja, akarudisha macho barabarani kama dereva mwema.

"Njo Kabase," akasema. "Ni kwetu."

Lami ikaisha, akakanyaga breki, na kilima kikageuka na kurudi Masisi kwa njia yake ya mkato. Msituni hakikuvunja mti.

Kwa mtu mwingine kazi ingekuwa imekwisha. Kwa Nshimiyimana ilikuwa imeanza, kwa sababu kuona kinachotetemesha si kujua kwa nini. Aliamuru gari litolewe kila kitu. Akavitoa vitu kimoja kimoja, jeki, kamba, mwavuli, Biblia isiyo na jalada, viatu vya mvua, na nyuma ya kiti akakuta jiwe jeusi la ukubwa wa kichwa cha mbuzi, limeungua upande mmoja.

Libérata akaeleza. Hilo ni jiwe lake la kuzuia gurudumu akiegesha kwenye mteremko. Zamani alikuwa na gogo, likaoza, na wiki tatu zilizopita akachukua hili nyumbani. Na nyumbani lilitoka wapi? Lilitoka Kabase. Siku ya kufukuzwa kila mtoto wa kilima alibeba kitu. Yeye alichukua figa moja katika yale matatu yaliyo chini ya chungu cha mama yake.

Nshimiyimana hakumsema. Alimtazama tu, kama mwalimu wa katekisimu anavyomtazama mtoto aliyejibu kwamba Mungu ni wawili. Figa la mama, kuzuia gurudumu. Kisha akaketi juu ya mpira wa gari na kufikiri kwa sauti. Jiwe likikaa nyumbani karibu na moto, kilima kinajua limeazimwa. Likitembea kwa sitini, pengine linarudishwa. Lakini likienda themanini, kilima chochote chenye akili kitasema huyu anakimbia nalo. Hakuna kilima duniani kisichojua tofauti kati ya sitini na themanini.

Ili asiseme bila ushahidi, aliliacha jiwe kibandani wakaenda bila jiwe. Themanini, themanini na tano, tisini. Maji kwenye bakuli yalilala kama mtoto aliyeshiba. Wakarudi, wakalipakia jiwe. Du, du, du, na Kabase huyo ubavuni.

Safari hii Libérata alikuwa ameshusha kioo. Njia nyekundu ilipita, kisha makaburi manne, kisha nyumba ya mabati, na mlangoni mwa nyumba Byukusenge alikuwa amesimama na ungo mkononi, akiangalia chungu chake kinavyoinama. Alimwona binti yake. Walikuwa hawajaonana miaka miwili, na kati yao palikuwa na waya na mita tatu za hewa.

"Umekonda," Byukusenge akasema. "Nani anakupikia?"

"Niko napika miye mwenyewe, Mama."

"Njo maana."

Lami ikaisha.

Ijumaa yote Libérata alifikiri, na ilipofika jioni alikuwa amekwisha kufikiri. Mlango wa Kabase umefungwa kwa anayekuja kwa siku mbili. Lakini Kabase yenyewe ilikuwa ikija kwake kwa dakika moja na nusu, kila alipofika themanini. Alimwendea Naomie, jirani yake, aliyekuwa na shamba upande wa chini wa kilima hicho hicho. Naomie alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu, walete mifuko mingapi.

Jumamosi saa mbili na nusu Nshimiyimana alimkabidhi Samy karatasi. Alikuwa ameiandika kwa mwandiko mzuri, kwa maana jina lake lilikuwa chini yake. Ilisema: Magurudumu, mazima. Kardani, nzima. Injini, haina hatia. Mtetemo unasababishwa na kilima, upande wa kushoto.

Samy aliisoma mara mbili. Akauliza kama kilima hicho kina ruhusa ya kutumia lami.

Ikajibiwa kwamba kilima hakikanyagi lami yote, kinakanyaga ukingo. Samy akasema ukingo pia ni wa serikali. Wakavutana kidogo kuhusu ukingo. Mwishowe, kwa kuwa kwenye daftari lake hapakuwa na safu ya vilima na wala hapakuwa na sheria iliyovikataza, alikiandika katika safu ya ndege zisizo za kawaida, akakipa nafasi ya saa tatu hadi saa sita. Akapiga muhuri. Rubani aliyekuwa akingoja kuruka alisogea kusikiliza. Hakupinga. Aliomba tu kilima kikae kushoto na mikaratusi isiyumbe sana, kwa kuwa mabawa yake yalikuwa ya kukodi.

Saa tatu kamili walianza. Wanawake sita wa Kabase walisimama nyuma ya pikapu, wamejifunga kamba viunoni, wengine na mifuko, wengine na fito zenye ndoano za kuangulia parachichi. Nshimiyimana alikaa mbele upande wa kulia, na kazi yake ilikuwa kusoma mwendo kwa sauti, kwa sababu ukishuka chini ya themanini shamba linabaki nyuma.

"Sabini na mbili," akasoma. "Sabini na sita. Sabini na tisa. Themanini. Vuneni."

Kilima kikafika. Byukusenge alikuwa tayari ukingoni mwa shamba na panga. Maharage ya Kabase hupanda fito, kwa hiyo hakuchuma ganda moja moja. Alikata shina, akang'oa ufito na maharage yake yote, akaurusha juu ya waya kama mtu anayerusha mkuki arusini, na wanawake wakaudaka. Naomie alidaka tatu kwa mkono mmoja. Lami ilipokwisha walikuwa na fito kumi na nne na nyasi vinywani, na walicheka hadi kamba ziliwabana.

Wakageuza. Kwenda au kurudi, kilima kilikuja kushoto, kwa dereva, maana kilikuwa na mazoea yake. Safari ya tatu kilikuwa kimeshajua, kikawa kinangoja kwenye sabini na tano. Safari ya tano wanawake walianza wimbo wa kuvunia, na mlio wa miguu ya kilima ukawa ngoma. Mama mmoja alimwona mbuzi wake aliyempoteza siku ya kufukuzwa, akamwita kwa jina, na mbuzi akakimbia naye sambamba ndani ya waya hadi mwisho wa lami, akijibu. Wachimbaji waliotoka Omate kununua unga walijipanga ukingoni na kushangilia kila safari kwa fito zilizodakwa, na kuzomea kwa upole zilizoanguka. Samy aliziokota zilizoanguka. Alisema ni vitu vilivyookotwa kwenye lami na taratibu zake ni ndefu, kisha akazirudisha zote garini, kwa sababu ilikuwa Jumamosi.

Kule Masisi, mahali pa kilima palibaki tambarare kila mara kwa sekunde tisini. Watu wa milima ya jirani walisimulia baadaye kwamba watoto waliingia na mpira safari ya kwanza, na kufikia safari ya nane walikuwa wamejifunza kufunga bao na kutoka kabla kilima hakijarudi.

Trésor, mlinzi, hakuachilia mlango hata mara moja. Safari ya sita Libérata alimuuliza, wakiwa bega kwa bega, kama hawezi kufungua dakika hiyo moja tu. Trésor akamsalimu kwanza, akamuuliza hali ya watoto. Kisha akasema amri aliyopewa ni kwamba mtu asiingie kwa mlango. Kuhusu maharage kutoka juu ya waya hakuambiwa kitu, na yeye si mtu wa kuongeza neno katika amri ya mkubwa. Akashika kofia yake. Kufuli ilikuwa kubwa kama ngumi, na kwa themanini kwa saa haikutikisika.

Ilipofika safari ya kumi na sita mifuko mitano ilikuwa imejaa na nyuma ya pikapu hapakuonekana miguu ya watu kwa fito. Nusu ya shamba ilikuwa imevunwa, nusu ya chini ilikuwa bado. Kilima kilikuwa kimechoka. Kilihema, na ukungu ulikitoka kwenye mabonde. Sindano ya mafuta ilikuwa imelala. Nshimiyimana akasema imebaki safari moja, akipenda Mungu, na nusu ya hiyo itakuwa kwa harufu tu.

Wakageuza.

Kwenye sabini na tisa kilima kilikuwa hapo, na Trésor ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema. Alisema kwa huzuni ya kweli, akipaza sauti ili asikike vizuri. Patron amepiga simu. Amesikia. Hakukasirika, ametuma tu watu waongeze nyuzi mbili za waya juu, alasiri hii hii, na amesema karatasi yake inasema Kabase ni mali yake popote ilipo, imesimama au inakimbia. Ng'ombe wanaingia Jumatatu kama ilivyopangwa. Na simu isiazimwe tena.

"Themanini na mbili," Nshimiyimana akasoma.

Byukusenge alikuja hadi kwenye waya. Hakuwa na fito safari hii. Alikuwa na kitambaa kilichofungwa, akampa Naomie juu ya waya, akasema ni mbegu aliyoichagua kwa mkono, zile nene, wasizichanganye na za kula. Naomie alikichukua kitambaa na hakuuachia mkono. Alikuwa mwanamke mwenye nguvu, na wanawake wengine watano walikuwa wamemshika kiuno. Akamtazama Libérata kwenye kioo cha pembeni.

Libérata aliona. Alisogeza pikapu kushoto hadi vioo vikaanza kugusa waya, na mita tatu zikawa nusu mita.

"Mama, ruka," akasema. "Banakushika. Ruka sasa."

Byukusenge alitazama nyuma ya gari, fito, mifuko, mikono kumi na miwili iliyokuwa tayari kumdaka. Alionekana kuipenda ile mikono. Akaukung'uta wake taratibu hadi Naomie akauachia.

"Nikiruka, juu ya Kabase kutabakia nani?" akasema. "Leo karatasi ya ule muntu iko bongo, ya uongo tu, kwa kuwa miye niko huku. Nikishuka, njo itakuwa kweli."

"Watakuacha na njaa."

"Niko napika."

"Themanini," Nshimiyimana akasoma. Injini ilikohoa. "Themanini tena. Dada, mwisho wa lami iko naonekana."

Libérata hakuweza kumtazama mama yake kwa muda mrefu kuliko dereva anavyoruhusiwa. Alimtazama kwa vipande: kitambaa cha kichwa, kisha barabara, mkono juu ya waya, kisha barabara, makaburi manne nyuma yake, yakirukaruka polepole kama watu wanaocheza wakiwa wameketi. Miguu ya kilima ilikuwa imeanza kupishana. Zilibaki mita mia nne, kisha mia mbili, na ukuta wa matope ukaonekana pale mbele na pikipiki zilizokwama ndani yake. Byukusenge alikuwa akikimbia sasa, mzee mwenye miaka sabini, ndani ya waya, ili abaki usawa wa dirisha.

Akamuuliza binti yake atakuja tena lini.

Libérata alitoa mkono wake wa kushoto nje, akaushika wa mama yake juu ya waya, na wa kulia ukabaki kwenye usukani.

"Iko siku nitakuja na miguu, Mama," akasema, na safari hii hakupaza sauti. "Nitapita mu mulango, muchana, bantu bote banaona, na nitatembea polepole, mupaka wewe mwenyewe useme nifanye haraka."